Jina Lililotolewa na Walioshambuliwa: Tippu Tip, Ukumbusho wa Katanga na Swali la "Sisi" katika Uhakiki wa Kiswahili

Ikisiri

Makala haya yanasoma Maisha ya Hamed bin Muhammed el Murjebi, yaani Tippu Tip, sambamba na matini na picha zilizozuka Katanga katika karne ya 20, ili kulinganisha jinsi msimulizi wa pwani alivyojiona na jinsi watu wa bara walivyomwona. Hoja inayotetewa ni kwamba mtazamo wa jirani haupo nje ya Kiswahili. Umo ndani ya tawasifu ya pwani yenyewe, na baadaye ukasemwa kwa Kiswahili cha Kongo. Kwa kuwa uhakiki umezoea kukihesabu Kiswahili hicho kuwa lugha iliyoharibika, umeuacha ushahidi ambao sera ya lugha ya kikanda inauhitaji.

Utani wa kaburi

Wazungumzaji wa Kiswahili nchini Tanzania na Kenya wanaufahamu utani usemao kwamba Kiswahili kilizaliwa Zanzibar, kikakulia Tanzania Bara, kikaugua Kenya, kikafia Uganda, kikazikwa Kongo. Vituo vya katikati hubadilika kulingana na uraia wa mtani. Mkenya anapousimulia, ugonjwa husogezwa mbele hadi ng'ambo ya Malaba. Kaburi peke yake halihami. Utani huu husemwa kwa wema, na Wakongomani wengi huucheka pamoja na wenzao. Hata hivyo umebeba ramani kamili ya jinsi wenye kuusema wanavyojiona: wao ni chanzo, wengine ni masafa kutoka kwenye chanzo hicho, na kadiri masafa yanavyozidi ndivyo uhai wa lugha unavyopungua.

Kwa muda mrefu ramani hiyo haikuwa na gharama kubwa. Sasa inayo. Uganda ilikifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi ya pili kwa marekebisho ya Katiba ya mwaka 2005, na Rwanda ikakitambua kuwa lugha rasmi mwaka 2017. Mwaka 2022 Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki, ikiwa na Katiba ya mwaka 2006 inayokitaja Kiswahili kuwa mojawapo ya lugha zake nne za taifa, pamoja na Kikongo, Kilingala na Chiluba. Mahali palipoitwa kaburi sasa ni sehemu kubwa ya madarasa ambayo vitabu vya kikanda vitaandikiwa. Nani hasa ni "sisi" tunapotamka maneno "lugha yetu" limekuwa swali la mtaala, la uchapishaji na la bajeti.

Lugha ya kawaida ya sera hulijibu swali hilo kwa haraka. Kiswahili huelezwa kuwa lugha ya umoja, isiyo na kabila, iliyosambaa kwa biashara na ujirani mwema. Kwa Tanganyika ya miaka ya 1950, TANU ilipokitumia kuwakusanya watu wa makabila mengi katika siasa moja, maelezo hayo yana msingi. Yanapovushwa ng'ambo ya Ziwa Tanganyika yanakutana na watu ambao mababu zao waliijua biashara hiyo kwa upande wake wa pili. Mshauri wa sera anayefika Kindu au Kasongo na sentensi hiyo mkononi asishangae akipokelewa kwa ukimya wa adabu.

Fasihi inaweza kumsaidia mshauri huyo, kwa sharti kwamba isomwe bila woga. Mudimbe, mwanafalsafa mzaliwa wa Katanga, aliandika mwaka 1988 kitabu mashuhuri kuhusu jinsi Ulaya ilivyoibuni Afrika. Uhakiki wa Kiswahili umekipokea vizuri, pengine kwa sababu katika mjadala huo anayetuhumiwa yuko mbali. Jinsi Waafrika, au watu wa Bahari ya Hindi na watu wa maziwa makuu, walivyobuniana wao kwa wao ni somo lenye marafiki wachache zaidi.

Majina matatu

Maisha ya Hamed bin Muhammed ni miongoni mwa tawasifu za mwanzo katika nathari ya Kiswahili. Mwenyewe alikuwa mfanyabiashara wa pembe za ndovu na watumwa, mzaliwa wa Unguja, aliyefariki huko mwaka 1905. Aliitunga uzeeni kwa ombi la Mjerumani Heinrich Brode, ikachapishwa Berlin mwaka 1902 na 1903 pamoja na tafsiri ya Kijerumani. W. H. Whiteley aliitoa upya pamoja na tafsiri ya Kiingereza mwishoni mwa miaka ya 1950, na François Bontinck akaitoa kwa Kifaransa mwaka 1974. Hivyo basi kazi hii ya Mswahili imemfikia msomaji wa Kiswahili kupitia mikono ya watu wa Ulaya, na mara nyingi amelazimika kuitafuta katika maktaba za mbali kuliko Shangani ilikoandikwa.

Wengi wameisoma kama ghala la taarifa: njia za misafara, uzito wa pembe, majina ya machifu. Wachache walioisoma kama fasihi wamevutiwa na ubaridi wa usimulizi wake. Msimulizi hajitetei wala hajuti. Vita, bei, njaa na madeni husemwa kwa sauti moja, kana kwamba vyote ni mistari ya daftari la duka. Utulivu huo humfanya msomaji aamini kwamba ndani ya kazi hii mna jicho moja tu. Yapo, hata hivyo, mahali ambapo sauti ya pili hupenya, na mahali penyewe ni katika majina.

Msimulizi anapata majina matatu safarini, na hakuna hata moja alilojipa. La kwanza ni Kingugwa, jina la chui. Alipokwamishwa na uhaba wa wapagazi katika Uzaramo, aliwakamata mamia ya wenyeji, akawafunga na kuwatwika mizigo. Waliokamatwa wakamwita hivyo kwa sababu chui huvamia huku na huku bila kuchagua. La pili ni Mkangwanzara, yaani mtu asiyehofu vita bali njaa peke yake. La tatu ndilo lililodumu. Lilizuka baada ya vita vya mwaka 1867 dhidi ya Nsama wa Itabwa, kusini-magharibi mwa Ziwa Tanganyika: watu wa huko walisema kwamba bunduki zake zililia tip tip, mlio usiovumilika masikioni.

Wazungu walikuwa na maelezo mengine. Stanley, aliyekutana naye mwaka 1876, alimchora kuwa bwana mrefu mwenye ndevu nyeusi, mavazi meupe yasiyo na doa na jambia la fedha, kisha akaona kwamba macho yake yalipepesapepesa. Maelezo ya macho yakashika katika vitabu vya Ulaya: Tippu Tip ni mtu wa kope zisizotulia. Tofauti hii si ya etimolojia tu. Aliyeketi naye kibarazani aliona kope. Aliyekimbia kutoka Itabwa alisikia bunduki. Kila mmoja alimtambua kwa kadiri alivyomkaribia na kwa sababu iliyomkaribisha.

La kuzingatiwa zaidi ni kwamba msimulizi mwenyewe, alipokuwa na kalamu, aliyashika maelezo ya walioshambuliwa. Aliyashika kwa fahari, bila shaka. Mlio wa bunduki ni sifa nzuri kuliko ugonjwa wa kope. Lakini fahari hiyo haikuweza kusemwa bila kuazima masikio ya wengine. Kila anapotajwa kwa jina hilo, katika kitabu chake au kwenye nyumba yake ya Shangani ambayo watalii huonyeshwa hadi leo, kinachorudiwa ni ushahidi wa watu wa Itabwa. Hao hawakuandika kitabu. Walitoa jina, na jina likakibeba kitabu.

Isisahauliwe pia kwamba Uzaramo si Kongo. Ni nyuma tu ya Dar es Salaam ya leo. Mstari unaotenga "sisi" na "wengine" katika Maisha hauendi na mipaka iliyochorwa baadaye na Wazungu. Unapita katikati ya nchi ambayo leo inajihesabu kuwa kitovu cha Kiswahili. Wazaramo waliomwita mtu yule chui ni mababu wa watu ambao sasa wanausimulia utani wa kaburi.

Upinde wa mishale ishirini

Hakuna sehemu ya Maisha inayosomeka kwa raha kama ile ya Stanley. Mgeni anaeleza kwamba anayo bunduki ipigayo risasi kumi na tano mfululizo. Mwenyeji wake hakumwamini. Badala ya kumwita mwongo, anamjibu kwamba upande wa mto Rumami kuna upinde upigao mishale ishirini kwa mpigo mmoja, na kila mshale huua mtu. Stanley anatoka nje na kufyatua. Mwenyeji anashangaa, na mazungumzo ya malipo yanaendelea.

Wahakiki wameupenda mzaha huu kwa kuwa unageuza desturi ya vitabu vya wasafiri, ambamo Mwafrika hutolewa macho mbele ya mitambo. Hapa Mswahili anampima Mzungu kwa kipimo cha hadithi za vibarazani: ukinipa chumvi, nitakurudishia chumvi. Sawa. Lakini furaha ya kumwona Mzungu akipimwa huficha upinde wenyewe. Upinde huo umewekwa kwa watu wa bara, ambao katika mazungumzo haya hawapo. Wametumiwa kama mfano wa jambo lisiloaminika, kati ya mabwana wawili wanaoelewana vizuri kuliko wanavyokiri. Baadaye msimulizi analalamika kwamba malipo ya Stanley hayakufikia ahadi, na kwamba alichotumiwa ni picha ya Stanley mwenyewe. Ni lalamiko la haki. Aliyesindikiza msafara mkubwa kupita msituni akapewa sura ya mwajiri wake. Wapagazi waliobeba mizigo ya wote wawili hawakupewa hata sura.

Undugu wa Utetera

Kisa cha Utetera ndicho chenye uzito mkubwa zaidi kwa swali la makala haya. Akiwa safarini katika nchi ya Urua, msimulizi anasikia habari za mtawala mzee, Kasongo Rushie wa Utetera, ambaye ndugu zake wa kike walitekwa na Warua zamani. Anaihifadhi habari hiyo. Anapofika katika nchi ya mzee huyo, anadai kwamba mmoja wa wanawake wale waliotekwa ndiye asili ya ukoo wake: babu yake alimpata mwanamke huyo, na yeye ni mjukuu. Mzee anampokea, anamkabidhi uongozi wa nchi, na pembe zinaanza kuletwa.

Msimulizi hamwambii msomaji waziwazi kwamba ameubuni ukoo huo. Anapanga tu matukio kwa namna ambayo msomaji makini hawezi kukosa kuona. Kwa msomaji wa pwani kisa hiki kimekuwa mfano wa ujanja: muungwana wa mjini amewazidi akili washamba. Usomaji huo unamfuata msimulizi anakotaka kwenda, na unakomea mapema mno.

Kwanza, aliyeishi kwa kuogopwa analazimika hapa kuonekana kwa namna nyingine. Bunduki zilimpa njia ya kupita, hazikumpa haki ya kukaa. Ili akae, sharti awe ndugu. Pili, undugu pekee aliokuwa nao wa kuudai ulipitia kwa mwanamke aliyetekwa. Uongo huu uliaminika kwa kuwa kila mtu Utetera alijua kwamba wanawake walichukuliwa, na kwamba huko walikochukuliwa walizaa. Misafara ilikuwa ikikuza mashaka yale yale ambayo yaliweza kumfanya mgeni mwenye bunduki aonekane mjukuu aliyepotea. Hakuna sitiari katika fasihi ya Kiswahili inayoeleza uhusiano wa pwani na bara kwa ukali kama huu, na msimulizi anaipita bila kusimama, akaendelea kuhesabu pembe.

Tatu, hakuna sababu ya kudhani kwamba Kasongo Rushie alidanganyika. Matini haimpi mzee huyo nafsi ya ndani. Hata hivyo, mtawala mkongwe anayemwona mtu mwenye bunduki mlangoni ana sababu zake za kumtambua mjukuu. Mgeni hana wajibu, mjukuu anao. Kumwita mtu huyo ndugu ni kumfunga katika masharti ya ukoo, ambamo hata jeuri yake ina mahali pa kushitakiwa. Ikisomwa hivyo, Maisha yanasimulia mapatano ambayo kila upande ulijua unachokitaka kwa mwenzake, na aliyesalia na kalamu ndiye aliyedai ushindi.

Kutoka waungwana hadi Bangwana

Wapwani waliofuata misafara walijiita waungwana, yaani watu huru, wenye adabu na asili. Wengi miongoni mwao walikuwa watumwa au wana wa watumwa. Jina lilikuwa madai ya hadhi, na katika njia za bara madai hayo yaliweza kusimama kwa kuwa hapakuwa na jamaa wa mjini wa kuyakanusha. Mashariki ya Kongo jina hilo likawa Bangwana, na lugha yao Kingwana. Huko halikumaanisha adabu. Lilimaanisha mgeni wa kanzu na bunduki, na baadaye mwenyeji aliyejiunga naye. Neno moja limebeba kujiona kwa upande mmoja na kuonwa kwa upande wa pili, bila kubadilika sana kwa sauti.

Kisha akaja mtazamaji wa tatu. Mwaka 1887 Leopold wa Pili, mfalme wa Ubelgiji, alimwajiri Tippu Tip kuwa wali wa Stanley Falls, mahali ambapo leo ni Kisangani, kwa mshahara wa pauni 30 kwa mwezi. Miaka mitano baadaye majeshi ya Dola Huru ya Kongo yalikuwa vitani na mwanawe Sefu, vita ambavyo Ubelgiji ilivitangaza kuwa vita vya kukomesha utumwa wa Waarabu. Mwaka 1921 mnara wa kuwasifu waanzilishi wa ukoloni ulijengwa katika bustani ya Cinquantenaire mjini Brussels, ukiwa na maandishi yanayousifu ushujaa wa jeshi la Wabelgiji dhidi ya Mwarabu mfanya utumwa. Miongo kadhaa baadaye, kufuatia malalamiko, neno la kumtaja Mwarabu lilichongwa likafutwa. Sifa ya Mbelgiji ilibaki.

Mtazamaji huyu wa tatu ana umuhimu kwa sababu ndiye aliyeendesha shule. Picha ya pwani aliyokuwa nayo Mkongomani wa karne ya 20 haikutoka kwa bibi yake peke yake. Ilitoka pia kwenye kitabu cha misheni, ambamo mateka hufunguliwa minyororo na askari wa Kibelgiji. Afrika Mashariki ya Waingereza ilikuwa na desturi hiyo hiyo. Uhuru wa Watumwa cha James Mbotela, kilichochapishwa mwaka 1934 na kusomwa sana mashuleni, kinawapa nafasi wazao wa mateka katika Kiswahili chenyewe, lakini shukrani zake zinaelekezwa kwa manowari za Kiingereza. Basi si sahihi kusema kwamba "wengine wanavyotuona" ni ushuhuda safi unaosubiri kupokelewa. Jicho la jirani nalo lilifundishwa kutazama.

Ukumbusho

Kilichotokea Katanga kinavunja mpangilio huo. Mwaka 1965 André Yav aliandaa, kwa niaba ya watumishi wa majumbani wa Elisabethville, historia ya mji huo iliyopigwa chapa kwa mashine na kupewa jina la Kifaransa, Vocabulaire de ville de Elisabethville. Ndani yake ni Kiswahili: Kiswahili cha mjini Katanga, chenye maneno ya Kifaransa, kisichojali upatanisho wa ngeli kama ulivyowekwa na kamati ya lugha huko Afrika Mashariki. Waandishi wake wanawatazama mabwana wa Kizungu kutoka jikoni na mlangoni, na sehemu kubwa ya utazamaji huo hufanywa kwa majina ya utani waliyopewa Wazungu na wafanyakazi wao. Mbinu ya Itabwa ilikuwa imerudi. Walioamriwa waliwapa mabwana majina. Johannes Fabian aliichapisha kazi hiyo mwaka 1990.

Miaka michache baada ya Yav, wachoraji wa Lubumbashi na miji jirani walikuwa wakiuza picha za kuning'inizwa sebuleni. Wenyewe walizieleza kwa neno ukumbusho. Baadhi zilionyesha kijiji cha mababu. Nyingine zilionyesha utumwa: mfanyabiashara wa Kiarabu na mateka waliofungwa. Nyingine zilionyesha Colonie Belge: askari mweusi akimchapa mfungwa mbele ya afisa wa Kizungu. Tshibumba Kanda Matulu, mchoraji mashuhuri kuliko wote, alichora mwaka 1973 na 1974 historia ya Zaire katika picha zipatazo mia moja, na akazieleza moja baada ya nyingine katika mazungumzo ya Kiswahili yaliyochapishwa na Fabian mwaka 1996.

Ni kweli kwamba picha ya mfanya utumwa inadaiwa na kitabu cha shule. Lakini kitabu cha shule kiliiweka mwanzoni ili ukoloni uje kama ukombozi. Wachoraji waliiweka ubavuni mwa kiboko cha Colonie Belge, ukuta mmoja, kwa bei moja. Mpangilio huo ni hoja. Mnunuzi aliyetundika zote mbili sebuleni hakuhitaji kuambiwa kwamba mkombozi na mtekaji walishika kamba ile ile. Na hoja hiyo iliponadiwa, ikaelezwa na kubishaniwa, ilifanywa kwa lugha iliyoletwa na msafara.

Hapa mlinganisho wa kawaida wa "sisi" na "wao" unakosa pa kusimama. Mkongomani anayeitazama pwani kwa jicho kali hafanyi hivyo kwa Kifaransa pekee. Anafanya kwa Kiswahili. Ni msemaji wa lugha hii akizungumza kuhusu jinsi lugha hii ilivyofika kwake. Mhakiki anayesema kwamba fasihi ya Kiswahili haina sauti ya waliotekwa amekwisha kuamua, pengine bila kujua, kwamba Kiswahili cha Katanga si Kiswahili.

Chatu azungumza

Katika bunilizi, mgongano huu umepata umbo lake kamili katika Paradise ya Abdulrazak Gurnah, iliyotoka mwaka 1994 na kutafsiriwa na Ida Hadjivayanis kwa jina la Peponi. Msafara wa tajiri Aziz unafika kwa mtawala Chatu, ambaye anawapiga, anawanyang'anya mali na kuwaeleza kwamba wafanyabiashara waliowatangulia walimdhulumu. Maneno yake yanapita kwa mkalimani ambaye wasikilizaji hawamwamini kikamilifu. Mwishoni anayeamua kesi ni Mzungu mwenye askari, na hukumu yake inaupendelea msafara.

Peponi ni kazi bora, na kuwepo kwake katika Kiswahili ni tukio kubwa. Lakini ifahamike imefanya nini. Imempa Chatu usemi, ikiwa bado kambini mwa msafara. Msomaji humsikia akiwa amekaa na watu wa Aziz, akimtegemea mkalimani wao. Hiyo ndiyo kadiri ambayo mwandishi wa pwani, hata mwaminifu kuliko wote, anaweza kufika bila kudanganya. Upande wa pili wa mazungumzo upo kwingine, katika hati ya Yav na kauli za Tshibumba, na haujawahi kuwekwa kwenye orodha moja na riwaya hii katika silabasi ya kikanda.

Kinachofuata kwa wanaoandaa sera ni kigumu kuliko kinavyosikika. Kuingiza matini ya Kongo katika vitabu vya Afrika Mashariki hakutoshi ikiwa itaingizwa kama kielelezo cha lahaja, katika sura ya mwisho, baada ya makosa ya kawaida ya wanafunzi. Inapaswa kusomwa ikiwa ushahidi na ikiwa fasihi, karibu na Maisha, ili mwanafunzi wa Tanga na wa Bukavu waone jina Tippu Tip kutoka pande mbili. Vivyo hivyo maelezo ya kuenea kwa Kiswahili katika hati rasmi yanaweza kutaja bunduki na minyororo bila kuidhuru lugha. Wakongomani wameijua habari hiyo kwa zaidi ya miaka mia moja, na hawajaacha kukizungumza.

Ugumu utajitokeza kwanza kwenye meza ya mhariri. Sanifu inadai wa- mahali ambapo Katanga husema ba-. Inadai waungwana ambapo hati ina Bangwana. Mhariri mzuri aliyefunzwa Dar es Salaam au Nairobi, akiifuata kazi yake kwa uadilifu, atalisahihisha neno hilo kwa mstari mmoja wa kalamu nyekundu, na mtu wa kanzu na bunduki atarudi kuwa mtu wa adabu na asili, kama alivyojiita mwenyewe alipotoka pwani.